Je, Cha Bure Hakina Bei?

Miongoni mwa maswali yanayomfikia mwalimu wa dini yapo ambayo kwa udogo wake mtu huyajibu akiwa amesimama, kisha baadaye hutambua kwamba ilimpasa kwanza aketi. Napenda kukueleza swali moja la namna hiyo, jibu nililolitoa, na jinsi jibu hilo lilivyonirudia. Sielezi haya ili kuwacheka vijana wala kuwalaumu wazazi. Mwenye kosa la kwanza katika habari hii ni mimi.

Nilikuwa nyumbani Musoma kwa likizo, kutoka chuo cha dini ninakofundisha ng'ambo. Asubuhi moja pale Mwigobero, mahali mitumbwi ya ziwani ishushapo mizigo, alinijia ndugu mmoja mfanyabiashara wa dagaa, aliyejiunga na Jumuiya yetu miaka michache kabla ya hapo. Baada ya salamu akasema: "Sheikh, mwanangu anapenda michezo ya kompyuta. Uko mmoja ambao ili auingie sharti nimlipie ada kila mwezi. Uko na mwingine wa bure, anaucheza katika simu yangu. Sasa ananisihi nimlipie ule wa ada. Wewe waonaje?"

Nilimjibu upesi: "Ndugu yangu, ikiwa hapana budi acheze, basi na acheze huo wa bure. Fedha yako ni ya jasho lako. Kwa nini uitupe katika mchezo?" Akaridhika, akaenda zake. Nami nikajiridhia nafsini mwangu, nikidhani kwamba nimeilinda mali ya Mwislamu.

Mwaka uliofuata nilipokuja tena, ndugu yule hakunijia kwa furaha. Alisema: "Sheikh, uliniambia wa bure hauna hasara." Kisha akanieleza. Yeye macho yake hayasomi vizuri maandishi madogo, kwa hiyo mwanawe, kijana wa miaka 14, ndiye aliyekuwa akimsaidia kutuma na kupokea fedha kwa simu, na namba ya siri aliijua. Ndani ya mchezo ule wa bure kulikuwa na almasi za kununuliwa. Kijana alianza kwa shilingi 1,000, kisha 2,000, na kila mara aliufuta ujumbe wa simu. Mtaji ukawa unapungua bila baba kujua unakwenda wapi. Akamshuku kibarua wake, mtu aliyempakilia magunia kwa miaka mingi, na ambaye mara kwa mara alimshikia simu wakati wa kupima mzigo. Kibarua aliapa kuwa hajui lolote. Hakusadikiwa. Alifukuzwa mbele ya watu, bila kulipwa ujira wake wa mwisho, naye akahama Musoma akiwa na jina la mwizi.

Mwezi mmoja baadaye fedha zilikuwa bado zinapungua. Ndipo baba alipokwenda kwa wakala, akasomewa miamala yote mmoja baada ya mmoja. Kijana aliposikia hayo alilia, akakiri.

Basi, ndugu msomaji, mchezo ule haukuwa na kiingilio. Lakini ulimgharimu baba mtaji wake, ukamgharimu kijana uaminifu wake, na ukamgharimu jina lake mtu ambaye hakuwahi hata kuutazama. Tangu siku ile nimejiuliza: je, kilicho bure kweli hakina bei? Na kama kina bei, mwenye busara ataijuaje kabla ya kuilipa?

AINA MBILI ZA BIASHARA

Yafaa kwanza tuielewe biashara yenyewe, kwani hukumu isiyotanguliwa na ujuzi ni dhuluma. Michezo ya kompyuta inayochezwa kwa intaneti huuzwa kwa njia kubwa mbili.

Njia ya kwanza ni ya ada. Mathalan, mchezo uitwao World of Warcraft, uliotoka Marekani mwaka 2004, ulimtaka mchezaji alipe kila mwezi. Asiyelipa alifungiwa mlango. Baadaye kampuni ya Sony ilianzisha PlayStation Plus mwaka 2010, na Microsoft ikaanzisha Xbox Game Pass mwaka 2017, na zote mbili hutoza ada ya muda maalumu. Katika miji yetu jambo linalokaribiana na njia hii ni vibanda vya gemu. Kijana hutoa sarafu, hucheza mechi yake, na sarafu zikimwishia huinuka akampisha mwenzake.

Njia ya pili ni ya bure. Fortnite ya kampuni ya Epic Games ilianza kuchezwa bure mwezi Septemba 2017. Mwaka huohuo ilitoka Free Fire ya kampuni ya Garena ya Singapore, inayokubali hata katika simu za bei ndogo. Kampuni ya Konami ya Japani ilikuwa ikiuza dukani mchezo wake wa mpira, Pro Evolution Soccer, kwa miaka mingi. Mwaka 2021 iliugeuza jina kuwa eFootball na kuutoa bure.

Hapa kila mwenye akili atauliza: makampuni haya yana wafanyakazi maelfu na mitambo ya thamani kubwa, mishahara yao hulipwa na nani? Jibu ni kwamba mlango ni wa bure, lakini ndani mna duka. Huuzwa mavazi ya fahari, silaha, wachezaji hodari, na hata ruhusa ya kutokungoja. Wala bei haitajwi kwa fedha tuijuayo. Fedha hugeuzwa kwanza kuwa almasi au sarafu za mchezo, na mtu anayetoa almasi haoni kilo za unga zikitoka nyumbani kwake.

Tena wachezaji wengi katika michezo hii hawalipi chochote, na sehemu kubwa ya mapato hutoka kwa wachache. Je, hao wengi wanafadhiliwa? Sivyo. Tajiri hanunui vazi la fahari ili alivae peke yake chumbani. Anahitaji watu wa kumwona na watu wa kuwashinda. Yule kijana maskini aliyeingia bure ndiye anayejaza uwanja. Anadhani yeye ni mgeni wa karamu, kumbe amewekwa mezani.

TAA YA WAVUVI

Msomaji wa Musoma hahitaji kuelezwa jambo hili, lakini msomaji wa mbali nitamweleza. Katika usiku usio na mbalamwezi, mtu akisimama ufukweni mwa Ziwa Viktoria huona taa nyingi majini, kana kwamba kuna mji mwingine huko ziwani. Hizo ni taa za wavuvi wa dagaa. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni za betri na za umeme wa jua. Mvuvi huiweka taa yake juu ya maji, kisha hungoja. Dagaa huufuata mwanga. Hawatozwi kiingilio. Kadiri wanavyokuwa wengi ndivyo wengine wanavyovutwa. Wakisha kusanyika, wavu huzungushwa.

Rafiki yangu yule ameishi kwa biashara hiyo tangu ujana wake. Nilipomweleza jinsi michezo ya bure inavyoendeshwa, hakuniuliza maswali mengi. Alisema tu: "Sheikh, hii ni taa." Nami niliona haya, kwa kuwa elimu ambayo ingeniwezesha kumjibu vema mwaka uliopita ilikuwa mbele ya macho yangu siku ileile, katika magunia yake.

Kutokana na mfano huo tunaweza kupata kanuni. Kilicho bure ni cha namna mbili: ama ni zawadi, ama ni chambo. Vyote viwili hupokelewa bila malipo, na wakati wa kupokea vyafanana kabisa. Tofauti yao iko katika nia ya mtoaji na katika hali ya mpokeaji baadaye. Mtoa zawadi anakutakia heri. Mtega chambo anakutaka wewe. Zawadi humwacha mpokeaji akiwa huru kuliko alivyokuwa. Chambo humwacha akiwa amefungwa.

Kurani Tukufu imezitofautisha namna hizi mbili waziwazi. Katika Sura Al-Insan inawasifu watu wanaowalisha maskini, yatima na mfungwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu tu, bila kutazamia malipo wala shukrani. Hiyo ndiyo zawadi. Na katika Sura Al-Muddaththir inakataza kumfanyia mtu hisani kwa shabaha ya kujipatia zaidi kutoka kwake. Hicho ndicho chambo, nacho kimekatazwa karne nyingi kabla ya kuwako kompyuta.

MKOPO USIO NA RIBA

Siku chache baadaye tulisafiri watu watatu, baba, kijana na mimi, kwenda Bunda, kwa maana tulisikia kwamba yule kibarua anafanya kazi huko. Ukitoka Musoma kwenda Bunda unaiacha njia ya kwendea Butiama, alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwezi Oktoba 1999. Tulipokuwa tunapita hapo nilikumbuka kwamba Mwalimu, pamoja na kazi zote za nchi, alitufasiria kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare, akaiita Mabepari wa Venisi, iliyochapishwa mwaka 1969. Nikamsimulia kijana habari yake kwa maneno yangu mwenyewe.

Katika tamthilia hiyo mfanyabiashara Antonio anahitaji mkopo wa dukati 3,000 kwa miezi mitatu ili amsaidie rafiki yake. Mkopeshaji, Shylock, anasema kwamba safari hii hatatoza riba yoyote. Anataka tu, kwa mzaha, iandikwe katika mkataba kwamba fedha isiporudishwa kwa siku yake, atakata ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio. Rafiki yake anaingiwa na wasiwasi. Lakini Antonio anaona kwamba ametendewa wema, anatia sahihi, na karibu apoteze uhai wake.

Nilimwambia kijana: "Tazama mambo mawili. Kwanza, mkopo wenye riba ungemgharimu Antonio fedha, lakini mkopo wa bure ulitaka mwili wake. Pili, mtego ule uliletwa kwa jina la mzaha. Mtu huwa macho sokoni, bali mchezoni husinzia."

Usidhani kwamba hizi ni hadithi za kale tu. Mwezi Desemba 2022 Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Epic Games, yenye Fortnite, itatoa dola milioni 520. Milioni 275 kati ya hizo zilikuwa faini ya kuvunja sheria ya kulinda habari za watoto, na milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wanunuzi waliovutwa kwa hila wakanunua vitu bila ya kukusudia. Ikiwa wazazi wa Marekani, wenye elimu na sheria za kuwalinda, waliweza kunaswa hivyo, mfanyabiashara wa dagaa wa Mwigobero asijione mjinga kuliko wote.

SWALI LA KIJANA

Kijana alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza swali ambalo halikuwa la kitoto. Alisema: "Sheikh, mbona Mwenyezi Mungu naye anatupa vitu bure? Hewa ni bure, mvua ni bure, ziwa ni bure. Naye anatutaka tumwabudu. Je, hicho nacho ni chambo?"

Baba alitaka kumkemea. Nilimzuia, kwani swali hilo huulizwa na watu wengi wanaoitafuta haki, ila wao hawathubutu kulitamka. Basi na tulijibu.

Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, katika kuifasiri Sura Al-Fatiha ameeleza kwa urefu sifa mbili za Mwenyezi Mungu, yaani Rahmani na Rahimi. Kwa sifa ya Urahmani, Mungu hutoa pasipo mja kutenda lolote la kustahili. Aliliumba jua kabla hatujawako wa kuliomba, na ziwa likajazwa samaki kabla ya mvuvi wa kwanza kuzaliwa. Kwa sifa ya Urahimi, Yeye huipa kazi ya mja matunda yake, mara nyingi kuliko kadiri ya kazi yenyewe.

Sasa tupime utoaji huo kwa kanuni yetu. Je, mtoaji anachuma kitu kutoka kwa mpokeaji? Mwenyezi Mungu ni Mkwasi. Ibada yetu haimwongezei, wala ukafiri wetu haumpunguzii. Jua humwangazia pia anayemkanusha Mwumba wake, na mvua hunyesha katika shamba lake. Je, mpokeaji hufungwa? Anayesimama katika Sala mara tano kwa siku hujifunza kuiacha kazi, usingizi na mchezo kwa hiari yake. Huo ni uhuru. Je, bei imefichwa? La. Tumeambiwa waziwazi kwamba tutaulizwa juu ya neema tulizopewa, na tumeambiwa mapema, tungali na nafasi. Mtega chambo hafanyi hivyo. Yeye hutaja hesabu baada ya wavu kuzungushwa.

Kijana akasema: "Basi Mungu anatoa zawadi, naye anatuambia tusiiharibu." Nami sikuwa na la kuongeza.

ADA NAYO INA MTEGO WAKE

Baba aliposikia hayo akasema: "Basi nimefahamu. Kumbe ilinipasa nimlipie ule wa ada." Hapo niliogopa nisije nikakosea mara ya pili kwa upande mwingine.

Ni kweli kwamba bei iliyotajwa wazi ina heshima kuliko bei iliyofichwa. Sheria ya Kiislamu yataka muuzaji na mnunuzi wajue kinachouzwa na thamani yake, na biashara ya gizani imekatazwa. Kwa upande huo mchezo wa ada ni mwaminifu zaidi. Walakini, uaminifu wa muuzaji haufanyi kila bidhaa kuwa ya kufaa.

Kwanza, aliyekwisha lipa huona kwamba sharti acheze, ili ada yake isipotee. Hivyo hutupa saa 100 kwa kuokoa shilingi chache. Mtume Mtukufu s.a.w. ametufundisha kwamba katika neema mbili, yaani afya na wasaa, watu wengi hupata hasara. Na neno la Kiarabu alilolitumia, maghbun, ni neno la sokoni: ni mtu aliyepunjwa katika mauziano. Saa ni mtaji, na wala hakuna wakala wa kukusomea jinsi ulivyotoka.

Pili, kulipa mlangoni hakuzuii kulipishwa tena ndani. Mwezi Aprili 2018 tume ya Ubelgiji inayosimamia kamari ilitamka kwamba masanduku ya bahati katika michezo kadhaa yanavunja sheria ya kamari. Sanduku la bahati ni lile ambalo mchezaji hulinunua pasipo kujua lina nini ndani. Miongoni mwa michezo iliyotajwa ilikuwamo FIFA 18 na Overwatch, ambayo wakati huo iliuzwa kwa bei dukani. Basi kamari yaweza kukaa ndani ya nyumba yenye kiingilio na ndani ya isiyo nacho. Nayo Kurani Tukufu katika Sura Al-Maida imeikataza pamoja na ulevi, ikitaja sababu: inatia uadui baina ya watu, na inazuia kumkumbuka Mungu na kusali. Rafiki yangu hakuhitaji tafsiri ya sababu ya kwanza. Tulikuwa njiani kwenda kumwomba radhi mtu aliyefanywa adui.

MCHEZO WENYE MWISHO

Huenda msomaji mgeni katika Uislamu akafikiri kwamba dini hii inachukia kila mchezo. Sivyo kabisa. Mtume Mtukufu s.a.w. alishindana mbio na mkewe, Hadhrat Aisha r.a. Wahabeshi walipocheza kwa mikuki yao msikitini Madina, yeye mwenyewe alimsitiri Hadhrat Aisha ili atazame mpaka atosheke. Katika Jumuiya yetu vijana wa Khuddamul Ahmadiyya, chama kilichoanzishwa mwaka 1938, hufanya mashindano ya michezo katika mikutano yao. Mwalimu Nyerere pia alipenda kucheza bao nyumbani kwake Butiama, na hakuna aliyemwona kuwa mpuuzi.

Hebu lifikiri bao. Kete zake zinahesabika. Unaye mwenzako mbele yako, ambaye utamjulia hali na kesho utamzika au atakuzika. Kete zikimwishia mmoja, mchezo umekwisha, na jua likichwa wazee huinuka. Mchezo una mwisho, na kwa hiyo mtu anaweza kuutoka akarudi kwenye maisha yake. Bali mchezo wa kompyuta, uwe wa bure au wa ada, aghalabu umetengenezwa usiwe na mwisho. Daima kuna daraja nyingine juu, na kuna zawadi ya kesho kwa asiyekosa leo. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa michezo hii katika orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika mwezi Januari 2022. Dalili yake kubwa ni mtu kushindwa kujizuia, na kuendelea kucheza hata madhara yanapoonekana.

BUNDA

Tulimkuta yule kibarua karibu na stendi ya Bunda, akishusha mizigo. Baba alimtolea salamu, akamweleza yote bila kujitetea, akampa ujira wake uliobaki na zaidi yake. Kibarua alizipokea fedha, akazihesabu, akamrudishia ile ya zaidi. Akasema: "Deni langu ni hili tu. Lile jingine hulipwi Bunda. Linalipwa Mwigobero, mbele ya watu walewale." Baba akakubali.

Kisha kijana akasogea, akamwamkia, akasema kwamba mwizi alikuwa yeye. Yule mtu alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamwuliza jambo moja: "Na huo mchezo wenyewe, uliumaliza?"

Kijana akajibu: "Hauishi."

Hakuna aliyecheka. Juma lililofuata baba alisimama pale Mwigobero, mbele ya wapakizi na wanunuzi, akatangaza kwamba yule mtu hakuiba na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemdhulumu. Kibarua alikuwapo, akasikia. Kurudi kazini kwake hakukubali, nasi hatuna haki ya kumlaumu. Kijana alipewa kazi ya kuanika dagaa kila baada ya masomo, na ujira wake unakatwa mpaka deni liishe. Na baba amejifunza kutumia simu yake mwenyewe kwa miwani.

JIBU LANGU LA LEO

Ndugu msomaji, kama ningeulizwa leo swali lile, nisingejibu nikiwa nimesimama. Ningesema hivi. Usiulize tu kama mchezo ni wa bure au wa kulipia. Uliza mambo matatu. Kwanza, nani anafaidika ninapocheza, na anafaidika kwa kitu gani changu? Ukishindwa kuliona duka, basi jihadhari usiwe wewe ndiwe bidhaa. Pili, je, ninaweza kuinuka? Jaribu siku ambayo adhana inaita na mchezo ungali katikati. Utapata jibu lako. Tatu, je, ningecheza hivi baba yangu au mke wangu akiwa ameketi kando yangu, akiona kila ninachotoa? Mchezo unaomtaka mtu afute ujumbe wa simu umekwisha kujihukumu wenyewe. Ukiipita mitihani hiyo mitatu, cheza kwa kiasi, na bei ya wazi ni bora kuliko bei ya siri. Usipoipita, basi hata ukiwa wa bure ni ghali, na hata ukiwa wa ada hujanunua burudani.

Mwaka 1934, Hadhrat Khalifatul Masih wa Pili r.a. alipoanzisha Tahrik-i-Jadid, aliwataka wanajumuiya waishi maisha ya kawaida na waache kwenda sinema. Wengine walidhani kwamba aliitazama tu bei ya tiketi. Fedha zilizookolewa zilifaa kweli, maana kwa njia ya Tahrik hiyo wahubiri walipelekwa nchi nyingi. Lakini aliutaka hasa moyo ulio tayari, usiokuwa mali ya mtu mwingine. Haja hiyo ingalipo. Taa zimeongezeka, na sasa kila mmoja wetu amebeba moja mfukoni.

Nawe unayeitafuta haki, utaitiwa mengi kwa jina la bure. Usikatae kila cha bure, kwani neema kubwa kuliko zote tumezipata bure. Bali mtazame mtoaji, na uangalie kama baada ya kupokea umebaki na uwezo wa kusimama na kuondoka.

Mwenyezi Mungu atujalie kuvijua vipawa vyake na kuvishukuru, atukinge na mitego inayokuja kwa sura ya zawadi, awarejeshee heshima wote tuliowadhulumu kwa haraka zetu, na anisamehe mimi jibu lile nililolitoa nikiwa nimesimama. Amin.